Baba, Ulivyomsema Wafula kwa Skauti

Baba,

Sitaanza na salamu. Ulikuwa ukisema barua isiyo na salamu huandikwa na mtu mwenye hasira au mtu aliyekosa malezi. Wewe ndiye uliyenilea, basi chagua mwenyewe.

Mwanao Wafula hakuchaguliwa. Nakwambia mapema usije ukasoma mpaka chini ukitumaini. Ile drafti aliyokuwa akiiota tangu shule, siku ambazo timu kubwa za mpira wa Kimarekani huketi na kuchagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, imekuja na imepita. Siku mbili za kwanza hatukutarajia kitu, hizo ni za wale mashuhuri. Siku ya mwisho, Jumamosi, ndiyo iliyokuwa yake. Alikuja nyumbani Northfield, Birmingham, kusudi aingojee hapa pamoja na Mama, kwa sababu wewe hukuwepo na hakutaka Mama akae peke yake.

Mama alipika pilau, kuku na chapati kama vya harusi. Mjomba Tom alitoka Hodge Hill na keki iliyoandikwa jina la Wafula, akaketi kwenye kiti chako na kukimwagia soda. Ndiyo, kiti chako. Hakuna aliyemkataza. Watu wa kanisa walijaa mpaka ngazini. Jua la Aprili lilikuwa bado nje wakati majina yalipoanza kuitwa kwenye televisheni, na kila likiitwa jina la mpokeaji mwingine, mtu wa nafasi yake, Mjomba alisema, "Wametoa takataka kwanza, wazuri wako nyuma." Yakaitwa. Yakaitwa. Watu wakaanza kukumbuka kwamba kesho kuna ibada, wakabeba viatu vyao na kuaga kwa sauti ya matanga. Wafula alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, magotini. Jina la mwisho lilipoitwa, Mama alisema, "Basi tule keki." Tuliila, Baba. Tulikula keki yenye jina lake.

Mtu asiyekujua akisoma haya atadhani nakuonea, atasema huyo mzee alijua nini kuhusu mpira wa Kimarekani? Ulijua. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Ungekuwa hujui ningekusamehe zamani.

Mwanzoni uliuita vita vya watu waliovaa magodoro. Halafu Wafula akapata nafasi ya kusoma Marekani kwa ajili ya mbio na mikono yake, na kila Jumapili tukitoka kanisani ulivua tai, ukaomba chai, ukaniambia, "Nekesa, nifungulie vita." Nikawa naunganisha kompyuta na televisheni, tunaangalia mechi yake ya wiki hiyo. Wewe mwenyewe ukajifunza kwa macho. Mpokeaji ni yule anayesimama pembeni kabisa, anakimbia njia aliyopangiwa, anamtoroka beki, anageuka na kudaka mpira anaorushiwa. Wengine tulikuwa tunangoja mpira. Wewe hukuangalia mpira kabisa. Ulikuwa unaangalia miguu.

"Simamisha hapo. Rudisha. Umeona bega?" Kabla hajageuka, bega lake la kushoto lilishuka kidogo, na beki mwerevu alijua anakoelekea kabla yeye mwenyewe hajafika. Akirushiwa mpira upande wa kushoto aliukumbatia kifuani badala ya kuudaka kwa viganja, na ndiyo maana ulimponyoka. Na mpira ukipelekwa kwa mwenzake, wakati yeye anatakiwa akamzuie beki ili mwenzake apite, alitembea tu. "Kama mtu aliyetumwa dukani," ulisema. Yote yalikuwa kweli. Sikatai.

Lakini kuna siku ile aliruka akiwa karibu na mstari, mwili wote hewani, akaunasa mpira kwa mkono mmoja na kuangusha vidole vya miguu ndani ya uwanja kabla ya kutoka. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikakugeukia. Ukapuliza chai yako. "Si ndiyo kazi yake?" Basi. Hayo tu. Nikakuuliza kwa nini humwambii hata siku moja kwamba amefanya vizuri, ukanipa ile yako ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Woi, Baba! Mgema huyo uliyemkausha hivyo hata kupanda mnazi angechoka.

Sasa tuje kwenye simu.

Ilikuwa Januari, unakumbuka au huko mliko watu husahau? Ulikuwa umetoka kazini kwa wale wazee uliokuwa ukiwatunza Longbridge, hata yunifomu hujavua, ugali uko mbele yako. Simu ikalia, namba ya Marekani, ukaweka spika kwa sababu ya lile sikio lako. Mwanamume mpole akajitambulisha kuwa skauti wa timu fulani, mtu wa kuwatafuta na kuwachunguza wachezaji. Akasema wamemfuatilia Wafula uwanjani, wameangalia mechi zake, wanampenda, na sasa wanataka kumjua mtu mwenyewe. Wao huwauliza walimu, huwauliza majirani, huwauliza wazazi. "Niambie kuhusu mwanao."

Ukapangusa mkono. Ukasimama, kama vile mtu huyo ameingia ndani. Ukatoa Kiingereza chako cha simu, ukasema, "Ah, anajaribu tu."

Mimi nilijua unachofanya. Mkenya yeyote wa kanisa letu angejua. Mgeni akija nyumbani akasema mtoto wako amekua, ana akili, wewe hujibu ahsante, hayo ni majigambo na ni kumwita mwenye jicho baya. Wewe unajibu, "Wapi! Huyu ni kula na kulala tu." Halafu ni zamu ya mgeni. Mgeni anaruka: "Mzee, usiseme hivyo! Huyu ni kijana wa maana, mimi mwenyewe nimemwona!" Hapo sifa imetoka mdomoni mwa mtu mwingine, mtoto ameisikia akiwa jikoni, na wewe unakunywa chai yako hujajisifu. Hata chakula tunakaribisha hivyo, meza imejaa tunasema hakuna kitu.

Ukampa yule Mmarekani zamu yake. Yeye hakujua kwamba ana zamu.

Alinyamaza. Nilisikia anaandika. Nawe ukadhani hujamshusha Wafula vya kutosha ndipo mgeni amtetee, ukaongeza. "Ni mvivu kidogo." Kimya. "Mpira usipokuwa wake, anajikokota." Kimya, na kuandika. Mimi nakupungia mikono kama mtu anayesimamisha basi, nawe ukanipa mgongo, ukatazama dirishani, ukaendelea. Bega. Kifua. Upande wa kushoto. Ubishi wake tangu utotoni. Yote uliyokuwa umeyakusanya Jumapili zako zote ulimmwagia mtu usiyemjua, na kila ulipomaliza jambo moja ulitulia kidogo, umeinua kidevu, unangoja akukatalie. Hata "anajaribu" yako ya mwanzo hukuirudia. Mwishowe akakushukuru kwa ukweli wako, akasema ni wazazi wachache wanaosema ukweli hivyo.

Ukakata simu umefurahi! "Mtu wa heshima sana," ulisema. "Anajua kusikiliza."

Nilikuambia, "Baba, umemharibia." Nilikuambia mara hiyo hiyo, usije ukasema hukuambiwa. Nikakusihi umpigie tena, umweleze kwamba ilikuwa adabu tu, kwetu mtu hamsifu wake. Ukarudi kwenye ugali wako uliokwisha poa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Na mjadala ukafungwa, kama ulivyofungwa kila mjadala ndani ya nyumba hii.

Februari ukaanguka kazini, ukaondoka kabla sijamaliza kukasirika.

Unajua ni ubaya gani huo? Nilikuwa na hasira nusu, ikabidi nivae nguo nyeusi juu yake. Tulikuzika hapa hapa Birmingham kama ulivyotaka, wazee wakanung'unika kwamba Mbukusu hazikwi kwenye baridi, Mama akawanyamazisha. Wenzako wa kazini walikuja, wakalia, na Mama akamwonyesha mmoja wao Wafula: "Huyu ndiye anayecheza Marekani." Yule mama akashangaa. Hakuwa anajua kwamba una mtoto Marekani. Miaka yote hiyo mnakula chakula cha mchana pamoja, na hukuwa umemtaja! Watu wakaniambia nisikasirike, marehemu hasemwi vibaya. Ajabu sana. Wanaosemwa vibaya ni walio hai tu.

Wafula alibeba jeneza lako bega kwa bega na Mjomba, halafu akarudi Marekani kupimwa na watu wa timu hizo. Huwavua mashati na kuwapima kama ng'ombe wa mnada, urefu, mikono, upana wa viganja, kuruka, kukimbia. Alikimbia vizuri kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake. Wakala wake alisema timu ya yule skauti ilikuwa imeshamweka katika hesabu zake. Kwa hiyo usiniambie hakuwa na uwezo.

Baada ya drafti wakala akampigia tena. Timu ilimruka dakika za mwisho, alisema, kwa sababu walikuwa na shaka na bidii yake, na shaka hiyo ilitoka nyumbani kwake mwenyewe. Mtu wa familia alisema ni mvivu.

Sasa nadhani umeshajua Wafula alimshuku nani. Hakukushuku wewe. Katika akili yake wewe hukuwa mtu wa kuongea na wageni kwa simu! Alimshuku Mjomba Tom, kwa sababu Mjomba ana mdomo. Mjomba aliyekuwa akimsifu Wafula kila baada ya ibada mpaka wewe unatazama viatu kwa aibu. Jumapili ile, mlangoni pa kanisa, mbele ya watu wote, Mjomba akanyoosha mkono kumpa pole, Wafula akaupita. Mkono ukabaki hewani. Mjomba akacheka kidogo, kama mtu aliyekosea jina la mtu, akauweka mfukoni. Mama alilia njia nzima tukirudi. Alidhani ni huzuni ya kukosa timu imemtia mwanawe wazimu.

Ningenyamaza, Mjomba angebeba yako. Nikasema hapana. Jioni hiyo jikoni, mimi naosha sufuria, Wafula anapangusa, nikamwambia kila kitu. Kwa Kiswahili, naye akijibu kwa Kiingereza chake cha Northfield kama kawaida. Nimekuandikia yake kwa Kiswahili, maana akijibu kwa Kiingereza ulikuwa unajifanya hujasikia.

Haki ya Mungu, nilitaka akasirike. Nilikuwa nimechoka kukasirika peke yangu. Nilitaka avunje sahani.

Aliuliza, "Alisema bega?"

Nikasema ndiyo, bega.

"La kushoto?"

La kushoto.

"Na ile ya kudakia kifuani? Hiyo ilianza mwaka wa pili tu. Aliiona?" Nikamwambia uliiona, ukanifanya nirudishe picha mpaka chai ikapoa. Akauliza kama ulikuwa unaangalia mechi zote au zile kubwa tu. Zote, nikasema, hata ile ya mvua ambayo yeye mwenyewe hakurushiwa mpira hata mara moja. Akaweka kitambaa chini. Akaniomba nirudie makosa yake yote, moja moja, kwa maneno yako. Nikayarudia, bega, kifua, mtu aliyetumwa dukani. Hapo kwenye dukani alicheka, Baba. Akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akasema, "Nilidhani haangalii."

Basi. Imeisha hivyo. Umemgharimu jambo alilolitafuta maisha yake yote, naye amekusamehe kwa sababu ulijua bega lake!

Kesho yake alikwenda Hodge Hill mwenyewe kumwomba Mjomba msamaha. Mjomba hakutaka hata kusikia alichoshukiwa, alimpikia chai na kuanza kumsifu upya. Na tangu siku hiyo Wafula anafanya mazoezi ya upande wa kushoto hapa nyuma ya nyumba. Mama ndiye anayemrushia mpira. Mama, na kitenge chake! Anarusha kama anayemwaga maji ya vyombo, Wafula anapiga mbizi kwenye majani, na wote wawili wanacheka. Mimi ninawaona kutoka dirishani nikiwa na madaftari ya wanafunzi wangu ya kusahihisha mbele yangu.

Kuna timu nyingine imemwita. Si kumwajiri, ni kumjaribu tu siku chache pamoja na wengine waliorukwa, na wengi wao hurudishwa nyumbani. Anaondoka Alhamisi. Mtu wao alipiga simu kuuliza habari za familia, Mama akanitupia simu kama inamchoma. Nami nilimtembeza, Baba. Nilimtembeza mwanao kama mitumba. Nikasema ni mchapakazi, ni mnyenyekevu, ndiye wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kutoka, ingawa mimi sijawahi kufika huko nikaona. Mtu yule akaniuliza kama ana kasoro yoyote. Nikamwambia aliyekuwa akizijua amefariki.

Sijui kama itasaidia. Ningekuwa na uhakika nisingekuwa nakuandikia.

Sasa nikwambie linaloniuma, kisha nikuache. Si drafti. Nilidhani ni drafti, lakini tangu ile jioni ya jikoni najua siyo. Jumapili zote hizo nilikuwa nimeketi ubavuni mwako. Mimi ndiye niliyefungua, niliyesimamisha, niliyerudisha, niliyeleta chai. Macho yako yalikuwa makali hivyo kumbe, mtu anaweza kuwa ng'ambo ya bahari na ukaona bega lake likishuka. Nimekaa nikatafuta, Baba, nimetafuta kwa siku nyingi, kosa moja uliloliona kwangu. Moja tu. Kwamba naimba kwa pua kwenye kwaya. Kwamba nafundisha kwa kupayuka. Kwamba mume niliyemleta nyumbani hakunifaa, na kweli hakunifaa, na ulijua au hukujua? Siku niliyoachana naye uliniuliza kama kuna maziwa. Sifa sikuzitarajia, najua mgema hasifiwi. Lakini hata kunikosoa?

Wafula amerithi makosa yake yote na ameshiba.

Kwa hiyo lala, Baba, umefanya kazi sana kwenye nchi ya baridi. Mama nitamtunza. Mechi za Wafula nitaziangalia zote, hata akirudi kucheza na vijana wa mtaani bustanini, na akidaka vizuri nitampigia simu nimwambie amedaka vizuri. Kaburini nitakuja na Mama, nitang'oa majani, nitasimama wima kama mtu aliyelelewa. Na kukusamehe nitakusamehe, hiyo ni ahadi, mimi si mtu wa kufa na kinyongo. Lakini si mwaka huu. Mwaka huu niachie hasira hii niishike, kwa sababu nimegeuza nyumba nzima nikitafuta, na ndicho kitu pekee nilichopata ambacho umeniachia mimi peke yangu.

Bintiyo,
Nekesa